Chazo wa Babu

Babu yangu alifuga samaki mmoja tu: chazo, yule mwenye kisahani kichwani cha kujibandikia, anayemganda papa. Alimfunga ugwe mkiani, akamwacha ajibandike chini ya dau, wakasafiri pamoja. Kasa akichomoza kichwa kuvuta pumzi, Babu alimbandua chazo akamwachia. Chazo alimfuata kasa, akamganda gambani, na hapo kazi ikaanza: vuta, legeza, vuta tena, mpaka kasa achoke. Mwenye pupa alimpoteza kasa na chazo pia.

Haya nilimsikia akiyasimulia barazani kwetu Faza, akisokota kamba. Sikujua kwamba alikuwa fundo la mwisho la ugwe mrefu. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kilichowaongoza wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, kinataja gamba la kasa kati ya bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, pamoja na pembe za ndovu na za faru. Kinaeleza pia kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine hukidhania Pemba, wengine Unguja au Mafia. Huko kasa walinaswa kwa vikapu vilivyotegwa kwenye milango ya miamba. Msomaji wa kwetu akifika hapo huliona lema. Na mwaka 1884 Mwingereza Frederic Holmwood aliwaeleza wanazuoni wa London habari za chazo wa pwani yetu.

Gamba lililotafutwa ni la ng'amba. Lilichongwa vitana na vikasha, likavuka bahari. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1977, lakini Japani iliendelea kununua hadi mwisho wa 1992. Leo ng'amba yumo katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Babu hakuwa mlinzi wa kasa. Alimla, na gamba aliliuza. Lakini uvuvi wake ulikuwa na kiasi: dau moja, chazo mmoja, kasa mmoja, na siku nyingi za kurudi mikono mitupu. Jarife la nailoni halijui kiasi. Hulala majini usiku kucha likimsubiri papa, na kasa akinaswa hawezi kupanda kupumua, hufa maji. Zamani kumpata kasa kulihitaji ujuzi wa miaka. Siku hizi anauawa na mtu asiyemtafuta.

Ndiyo maana mimi hukesha ufuoni Kiunga, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1979. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya mia. Kikiwa chini ya alama ya bamvua, tunayahamisha mayai juu, taratibu, bila kuyageuza, kisha tunangoja kama miezi miwili. Kasa jike atakayetoka humo, akisalimika, huenda akarudi pwani hii kutaga baada ya miaka ishirini na zaidi. Mimi sitakuwapo. Nataka akute mchanga wake, na mlango wa miamba usio na jarife.