Risasi ya Digidigi

Digidigi kwa kawaida hafiki hata kilo 7, na ndiyo sababu aliwasumbua wawindaji wa enzi ya ukoloni waliobeba bunduki za nyati. Risasi ya ncha laini hupanuka ikigonga mwili. Ni ile ile ambayo mwaka 1899, kule The Hague, mataifa kadhaa yaliahidi kutotumiana vitani. Porini ikaendelea kama kawaida. Swala granti inamwangusha hapo hapo. Digidigi, bana, unaokota vipande.

Mzee mmoja jirani yangu hapa Komarock, aliyechuna ngozi kwenye safari za wazungu, anasema mteja mjanja aliomba risasi ngumu, iliyovikwa madini hadi nchani. Hiyo hutoboa tundu dogo na kupita. Ajabu ni kwamba W. D. M. Bell aliwaulia ndovu kwa mamia risasi za aina hiyo hiyo, kwa bunduki ya milimita 7 tu. Fuvu nene linataka risasi isiyotawanyika. Ngozi nyembamba vilevile.

Lakini ikishapita haijasimama. Nyuma ya kichaka kuna mbuzi, kuna mtoto anayechunga. Mzee anasema kazi yake ilikuwa kutazama huko nyuma kwanza, ndipo mteja afyatue. Aliifanya hadi uwindaji ukapigwa marufuku, Mei 1977.