Rekodi za Uganda zilizotolewa upya

Rekodi za Uganda zilizotolewa upya ni santuri, kanda na diski za muziki wa Uganda ambao ulirekodiwa zamani, ukapotea sokoni au haukuwahi kuuzwa, kisha ukatolewa tena kwa wasikilizaji wapya. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa ughaibuni, hasa Marekani na Uholanzi. Tangu 2016 Kampala nayo ina lebo yake inayoifanya. Toleo la aina hii huokoa sauti, lakini hukamilika pale linapowafikia watu ambao sauti hizo ni zao.

Muziki wa ikulu

Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Uganda mwaka 1937, alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957. Katika miaka hiyo alizunguka nchi akirekodi ngoma, zeze, vinubi na nyimbo. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki ya ILAM huko Afrika Kusini mwaka 1954, naye alirekodi Uganda mwaka 1950 na 1952. Miongoni mwa aliowanasa ni wapigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Walipiga entenga, seti ya ngoma 15 ambazo 12 kati yake hupangwa sauti kama marimba; amadinda, marimba ya mbao 12; na amakondere, mabaragumu ya vibuyu.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia ikulu ya Kabaka iitwayo Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia London, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Wapigaji wa ikulu wakatawanyika na ala nyingi zikapotea. Kuanzia hapo, rekodi za Tracey na Wachsmann hazikuwa tena kumbukumbu za utafiti peke yake. Ndani yake mlikuwa na baadhi ya midundo ambayo haikusikika tena mahali pengine popote.

Michael Baird wa lebo ya SWP, Utrecht, aliisafisha kazi ya Tracey na kuitoa kwenye diski iitwayo Royal Court Music from Uganda, yenye muziki wa Buganda, Bunyoro na Ankole. Kwa upande wa Wachsmann, nakala za rekodi zake zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere, ambako hifadhi ya sauti na picha inaitwa kwa jina lake. Ufalme wa Buganda ulirejeshwa mwaka 1993, ila kufikia wakati huo wajuzi wa entenga walikuwa wachache mno. Mtafiti James Isabirye alishirikiana na mzee Musisi Mukalazi Livingstone, mmoja wa wapigaji wa mwisho wa ikulu ya zamani, kuwafundisha vijana upya.

Muziki wa dansi

Katika miaka ya 1960, studio na viwanda vya santuri vya Afrika Mashariki vilikuwa Nairobi. Wanamuziki wa Uganda walisafiri kwenda kurekodi huko, na santuri ndogo za mizunguko 45 zikarudi kuuzwa Kampala. Mwandishi Mwingereza John Storm Roberts, aliyefanya kazi ya uandishi wa habari Kenya katika miaka hiyo, baadaye alianzisha lebo ya Original Music nchini Marekani. Baada ya The Nairobi Sound, Songs the Swahili Sing na The Tanzania Sound, mwaka 1988 alitoa The Kampala Sound, mkusanyiko wa dansi la Uganda la miaka ya 1960. Kwa wasikilizaji wengi wa nje, huo ndio uliokuwa mlango wa kwanza wa kuingilia muziki wa mji huo.

Uhamishoni

Utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata viliwatoa wasanii wengi nchini, na muziki wao ukarekodiwa ughaibuni. Geoffrey Oryema alitoroka mwaka 1977 baada ya baba yake, aliyekuwa waziri, kuuawa. Alikaa Ufaransa, na mwaka 1990 lebo ya Real World ikatoa albamu yake Exile, iliyotayarishwa na Brian Eno. Philly Lutaaya alirekodi Born in Africa nchini Uswidi. Mwaka 1989 alirudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI; alifariki Desemba mwaka huohuo.

Lebo ya Kampala

Nyege Nyege Tapes ilianza kutoa kanda Kampala mwaka 2016. Jina lake ni la Kiganda, kwa maana ya hamu ya ghafla ya kucheza. Gulu City Anthems ya Otim Alpha (2017) ilikusanya nyimbo za harusi za Kiacholi zilizopigwa kwa kompyuta, kwani baada ya vita vya kaskazini mwa Uganda kukodi kikundi kizima cha ngoma kuliwashinda wengi. Ekuka ya Ekuka Morris Sirikiti, mpigaji wa lukeme, ala ya vidole gumba, wa kaskazini mwa Uganda, ilitokana na rekodi zilizonaswa kwenye matangazo ya redio. Mwaka 2021 ikafuata Buganda Royal Music Revival, iliyorudi kwenye muziki wa ikulu.

Bugolobi na majukwaa yake

Rekodi si njia pekee ya kuhifadhi nyimbo za zamani; majukwaa pia huzihifadhi. Bugolobi ni mtaa wa divisheni ya Nakawa, mashariki mwa Kampala, kwenye njia ya kuelekea bandari ya Port Bell. Kwenye barabara ya Bandali Rise kulikuwa na Jazzville, ukumbi wa muziki wa moja kwa moja. Kwenye barabara ya Old Port Bell, inayotoka eneo la viwanda kuelekea Bugolobi, Club Obbligato ilikuwa kwa miaka mingi maskani ya Afrigo Band, bendi iliyoundwa mwaka 1975 na kuongozwa na mpiga saksofoni Moses Matovu. Nyimbo za Afrigo ambazo santuri zake zimekuwa adimu ziliendelea kuishi hapo, zikipigwa wiki baada ya wiki mbele ya watu wanaozijua kwa moyo.

Kazi na haki

Kanda mama zikikosekana, mtoaji hutafuta santuri iliyotumika kidogo, huiosha, huinakili kwa sindano inayofaa na kupunguza mikwaruzo bila kuuharibu muziki wenyewe. Kazi ya pili ni nzito zaidi: kumpata mwimbaji au warithi wake, kuandika mkataba, na kuchapa majina ya wapigaji wote. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inawalinda watunzi na wapigaji pia. Santuri nyingi za zamani ziliandikwa jina la kiongozi tu. Toleo jipya linalomtaja mpiga besi na mpiga ngoma humrudishia mtu kazi yake, na mjukuu wake akalijua jina la kuulizia.