Kabureta Ikivuja, Tazama Inavujia Wapi
Pikipiki kuukuu ikianza kudondosha petroli, mimi hufunga koki ya tangi kwanza, kisha huiweka mbali na jiko na sigara. Ndipo nikatazama petroli yatoka wapi.

Ikitoka kwenye maungio ya bakuli la kabureta, mara nyingi gasketi imekauka. Ibadilishe, usipake gundi. Ikitoka kwenye mpira wa kumwagia ziada, basi sindano haifungi. Sindano hiyo husukumwa na boya, kama lile la tangi la maji. Gonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi. Uvujaji ukikoma, ni uchafu uliokwama. Fungua, safisha, kisha kagua ncha ya sindano: ikiwa imelika duara, imekwisha. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, limetoboka.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepita alama ya juu, imwage utie mpya. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na injini husagika. Ndugu yangu, bei ya sindano si bei ya injini.