Hadithi za Mambo Yafichwayo

Katika nyumba zetu nyingi mambo ya ulevi, uzinzi na kujiua hayatajwi mbele ya vijana, na haya hiyo ni sehemu ya adabu njema. Lakini mtunzi wa hadithi hawezi kuitazama dunia kwa muda mrefu asiyaone mambo hayo. Akiisha kuyaona, hana budi kuchagua: ayanyamazie, ayavike vazi la fumbo, au ayaseme waziwazi. Watunzi wa Kiswahili wamezijaribu njia hizo zote, na kila njia ilikuwa na gharama yake.

Hadithi ndefu za kwanza walizosoma wanafunzi wa Afrika Mashariki aghalabu zilikuwa tafsiri, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Zilikuwa na damu ya kutosha, lakini ilikuwa damu ya mbali, ya maharamia na wawindaji wa mali. Mwaka 1934 kilitokea kitabu cha namna nyingine, Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela. Mbotela alikuwa mtu wa Freretown, karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Yeye mwenyewe alikuwa wa uzao wao.

Wahakiki wa baadaye wamemlaumu Mbotela kwa kumpaka Mwarabu weusi mtupu na kumpamba Mwingereza, kana kwamba Waingereza hawakupata kuwanunua na kuwauza watu katika bahari ya Atlantiki mpaka mwaka 1807. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, tusisahau kwamba katika pwani ya siku zile asili ya utumwa ilikuwa jambo la kufichwa, na jina la mtumwa lilikuwa tusi. Kuandika kwamba wazee wetu walitekwa, walifungwa minyororo na kuletwa pwani kwa miguu, kulitaka moyo.

Shaaban Robert alishika njia ya fumbo. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mtumishi hawezi kumwambia bwana wake kwamba hukumu zake ni dhuluma. Kwa hiyo katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alijenga nchi inayoelea hewani. Humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Msomaji aliyetaka kuelewa alielewa, na asiyetaka aliona ngano tu. Ni ustadi mkubwa, ingawa fumbo lina upungufu wake: mwovu akilisoma, huweza kucheka pamoja na wengine, akidhani asemwaye ni jirani.

Euphrase Kezilahabi hakumwachia mtu nafasi ya kucheka. Alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 27, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Hapa hakuna maharamia, wala nchi ya hewani. Yupo msichana wa Ukerewe na baba yake mlevi, Zakaria, ambaye humpiga vibaya kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Akiisha kutoka chini ya fimbo ya baba na kwenda kusoma mbali, hajui la kufanya na uhuru wake. Wanaume wanamchezea, hata wale waliopewa dhamana ya kumlea. Anaharibu mimba, na mwishowe anajitoa uhai.

Kitabu kilizuiwa kisitumike madarasani. Tusiwadharau waliokizuia, kwa maana walikuwa na watoto wa watu mikononi mwao, nao waliogopa kwamba kijana akisoma habari za uasherati atautamani. Lakini sidhani kama mtu aliyekisoma mpaka mwisho anaweza kutamani maisha ya Rosa. Kitabu kinachofanya biashara ya maovu humwacha mtenda jambo usiku, taa zikiwa bado zinawaka. Kezilahabi anamfuata msichana mpaka asubuhi, mpaka shuleni, mpaka kwenye uchumba unaovunjika. Tena anarudi nyuma kutafuta chanzo, naye anakikuta katika nyumba ya wazazi. Nadhani hilo ndilo lililochoma zaidi ya habari za kitandani. Mbotela alikuwa ameuonyesha uovu ukija kutoka ng'ambo, Shaaban Robert akauweka katika baraza la mfalme, na Kezilahabi akauonyesha katika fimbo ya baba anayedhani kwamba anamlinda binti yake. Zakaria alilinda sana, wala hakufundisha neno.

Mtunzi hakutishika. Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, riwaya yenye kiza kizito zaidi, na mwaka uliofuata Dunia Uwanja wa Fujo. Rosa Mistika nayo haikubaki nje ya mlango siku zote. Baadaye iliruhusiwa, ikawa kitabu cha kusomwa shuleni katika Tanzania na Kenya, na wanafunzi walijibu maswali ya mtihani juu ya Zakaria na barua ile. Kezilahabi alifariki mwezi wa Januari mwaka 2020.