Umri si Hukumu: Kufufua Moyo wa Mzee Nje ya Hospitali

Kukandamiza kifua ili kuuamsha moyo kulianza kama tiba ya watu ambao hakuna aliyetarajia wafe. Watafiti Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walipoitangaza mbinu hiyo kutoka Baltimore mwaka 1960, waliripoti wagonjwa 20, baadhi yao wakiwa chini ya nusukaputi, na 14 wakanusurika. Kufikia 1974 miongozo ya Marekani ilikwisha kutahadharisha kwamba haimfai mtu ambaye kifo chake kinatarajiwa kutokana na ugonjwa usiotibika. Tahadhari hiyo ilifika wodini. Majumbani ilichelewa, kwani huko anayeamua ni mhudumu wa ambulensi asiyemjua mgonjwa wala kuwa na faili lake.

Takwimu nazo zimetumiwa kuufunga mjadala haraka mno. Katika uchunguzi wa Boston uliochapishwa 1989, kati ya wazee 244 wa miaka 70 na zaidi ambao moyo ulisimama nje ya hospitali, ni 2 tu waliotoka hospitalini wakiwa hai. Wapo wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba mzee asiguswe. Siafiki. Mzee anayeanguka sokoni mbele ya watu, vyumba vya chini vya moyo (ventrikali) vikitetemeka, akakandamizwa kifua papo hapo na mashine ya kushtua moyo ikawa karibu, ana nafasi ya kweli hata akiwa na miaka 80. Aliyekutwa kitandani alfajiri, mashine haionyeshi mdundo wowote, baada ya miaka ya kuugua, karibu hana nafasi, na hata angekuwa na miaka 60 mambo yasingebadilika sana. Umri una uzito wake, lakini hubebeshwa pia lawama za dakika zilizopotea na maradhi yaliyotangulia.

Japani, ambako karibu asilimia 29 ya watu wana miaka 65 au zaidi, imelazimika kulikabili suala hili waziwazi. Ambulensi huko ni ya zimamoto, na kwa kawaida huja na wahudumu watatu. Wakiingia chumbani humlaza mgonjwa mahali pagumu, maana godoro hunyonya nguvu ya mikono. Kifua hushindiliwa kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mbavu zilizodhoofika huvunjika, na mwenye kukandamiza huzihisi zikivunjika chini ya kiganja chake. Mara nyingine aliyepiga simu ndiye huyohuyo anayesema baba hakuyataka haya. Alipiga kwa kiwewe, asijue pa kwenda. Kwa muda mrefu wahudumu hawakuwa na utaratibu wa kumsikiliza. Desemba 2019 Idara ya Zimamoto ya Tokyo iliuweka: iwapo mgonjwa alikwisha kuzungumza na familia na daktari wake kuhusu mwisho wa maisha yake, wahudumu humpigia daktari huyo, naye akithibitisha, huacha.

Naona utaratibu huo una busara, ila unamfaa mwenye daktari anayepokea simu usiku. Tena karatasi ya kutofufuliwa, yaani agizo la maandishi kwamba mtu asifufuliwe moyo ukisimama, inaweza kugeuka dhuluma. Uingereza, wakati wa Uviko-19, kulizuka malalamiko kwamba maagizo hayo yaliwekwa kwa watu kwa mkupuo, wakiwemo wakazi wa makao ya wazee, bila wao kuulizwa. Tume ya Ubora wa Huduma ilichunguza na kutoa taarifa ya kutia wasiwasi Machi 2021.

Wazee wakiulizwa, hujibu. Katika utafiti wa Denver wa 1994, asilimia 41 walitaka wafufuliwe moyo ukisimama wakati wa ugonjwa wa ghafla. Walipoelezwa uwezekano halisi wa kupona, wakabaki asilimia 22. Wanaoipinga tiba hii hunukuu kushuka huko. Mimi nawatazama pia wale asilimia 22: waliambiwa ukweli wakaitaka hata hivyo, na mhudumu anayeingia chumbani mwao usiku anahitaji kuwajua sawasawa na anavyohitaji kuwajua waliokataa.