Ngoma ya Walokele na Kompyuta ya Kazi Mbili

Suala la kuunganisha kishikwambi na kompyuta mpakato katika chombo kimoja huzungumzwa kana kwamba ni la wahandisi peke yao. Makala hii inadai kuwa ni la kihistoria pia: kila chombo cha mawasiliano hupata sifa moja kwa kuacha nyingine, na anayeziba pengo ni mtumiaji.

Mfano mzuri uko jirani na Kisangani. Walokele, wakazi wa kingo za Mto Kongo, walizungumza kwa ngoma ya gogo yenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyechapisha kitabu kuhusu ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kwamba ngoma ilibeba toni za lugha tu, ikaacha konsonanti na irabu. Maneno songe (mwezi) na koko (kuku) yana toni zilezile. Hivyo mpigaji alirefusha, mwezi ukawa "mwezi utazamao ardhi". Walokele walipata umbali, wakalipa kwa muda. Hata hivyo, walijua wanacholipa, kwani mbinu hiyo waliibuni wenyewe.

Kompyuta ya kazi mbili nayo ina historia ya namna hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa Surface RT, nyepesi na yenye kudumu na chaji, ila haikuweza kuendesha programu za Windows ambazo watu walikwisha kuzizoea. Mwaka 2013 kampuni iliandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili yake. Surface Pro ya mwaka huohuo iliziendesha, lakini ilikuwa nzito zaidi, chaji yake iliisha mapema, na betri yake ilibandikwa kwa gundi.

Kwa Kisangani gharama hizo si ndogo. Kituo cha umeme cha Mto Tshopo kilijengwa katika miaka ya 1950, mji ukiwa mdogo kuliko wa leo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu huhesabu saa za chaji kabla ya wepesi. Aidha, betri ya kompyuta mpakato nyingi za zamani ilichomolewa kwa mkono. Chombo kilichogandishwa kwa gundi kikiharibika, hupoteza daftari na taipureta kwa pigo moja.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ngoma ya Walokele yatufundisha kuuliza, kabla ya kununua, ni ipi itakayoponyoka, na kama twaweza kuikosa.