Wimbo umerudi, majina yamebaki njiani

Ndugu msikilizaji, kama ulikulia Kariakoo kama mimi, huna haja ya kusimuliwa kibanda cha kaseti kilikuwaje. Upana wake ulikuwa wa milango miwili, ukuta mzima umejaa kaseti, spika imetazama barabarani, na ndani yupo kijana ambaye hasikii unachosema mpaka umpigie kelele. Unampa kaseti yako tupu ya dakika 60, unamtajia nyimbo unazotaka, anakwambia urudi saa kumi. Ukirudi saa kumi unaambiwa umeme ulikatika, njoo kesho.

Mwaka 1993, nikiwa bado shule ya msingi, baba yangu mdogo alinituma kwenye kibanda cha namna hiyo karibu na Mtaa wa Msimbazi. Alitaka wimbo mmoja tu. Katika miaka ya 70 alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi moja ya hapa mjini, na wimbo huo aliupiga yeye mwenyewe. Lakini nyumbani hakuwa nao. Ulirekodiwa redioni, ukapigwa redioni, na yeye akawa anausikia kama ulivyousikia wewe, yaani siku mtangazaji alipopenda.

Kwa kuwa wimbo ule watu waliuita kwa majina mawili matatu, baba mdogo alinifundisha kuupiga mluzi. Njia nzima kutoka Ilala nilikwenda nikipiga mluzi nisije nikausahau. Yule kijana alisikiliza, akacheka, akavuta kaseti moja kutoka chini kabisa. Kesho yake nilipewa kaseti yetu ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Zilipendwa Na. 7". Jina la bendi halikuwapo, la mtunzi wala la mpigaji hayakuwapo. Baba mdogo aliifurahia sana kaseti ile, na jambo la majina wala hatukulizungumza.

Mwaka jana nimeununua wimbo huohuo kwa mara ya pili. Safari hii sikwenda Msimbazi. Nilikuwa nimekaa kitandani, saa tano usiku, simu mkononi. Nimelipa chini ya dola moja, wimbo ukashuka kwenye simu kabla sijamaliza kupiga miayo. Sauti safi, tarumbeta kama inapigwa sebuleni. Lakini nilipotazama pameandikwa nini, nikakuta jina la bendi nyingine kabisa, mwaka usio wake, na mahali pa msanii pameandikwa neno la kizungu lenye maana ya "wasanii mbalimbali".

Leo basi nataka tuitazame historia hii, ya namna tulivyonunua muziki wetu wa kale tangu enzi za santuri hadi leo. Utaona kwamba kila mashine ilipobadilika, wimbo ulijitahidi kuvuka, lakini jina la aliyeupiga lilikuwa la kwanza kudondoka.

Tuanze mwaka 1928. Mwaka huo Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Upande mmoja wa santuri ya siku hizo ulibeba kama dakika tatu tu, na ilikuwa kitu kizito, kikianguka kimevunjika kama sahani. Pamoja na dhiki yote hiyo, katikati ya santuri palikuwa na karatasi ya duara iliyochapwa jina la mwimbaji. Ukinunua santuri umenunua na jina. Ndiyo sababu Siti alijulikana mwambao wote hata na watu ambao hawakuwahi kumwona, na alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limekwisha kuenea. Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake, na hadi leo tunausoma.

Halafu ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri iliangalia Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Nyingine nyingi ziliingia studio za redio Barabara ya Pugu, zikarekodi, zikarudi kupiga dansi. Utepe ulibaki maktaba ya redio. Hapo jina halikuchapwa tena mikononi mwa mnunuzi, kwa maana mnunuzi hakuwapo. Jina lilikaa kwenye kadi ya maktaba na katika kinywa cha mtangazaji. Mtangazaji mwema alitaja bendi, akataja mtunzi, na pengine akataja mpiga gitaa la solo. Mwenye haraka alisema "tuburudike" basi.

Kisha kaseti. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na hapa kwetu ikaja kuwa mkombozi wa mpenzi wa muziki. Uliweka redio kaseti mezani, ukasubiri wimbo, ukawanyamazisha watoto, ukabonyeza. Ndiyo maana katika kaseti nyingi za zamani, katikati ya wimbo, unasikia jogoo wa jirani. Kariakoo ikaigeuza kazi hiyo kuwa biashara. Siwalaumu wale vijana wa vibandani. Bila wao nyimbo nyingi zingebaki maktaba, na baba mdogo asingeipata yake. Lakini kaseti ya kunakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka redioni haikuwa na pa kupatia jina. Ikawa Na. 7.

CD za kuchoma zilipofika, hata namba saba ikapotea. Ukiziweka kwenye kompyuta zilikuletea "Track 01", "Track 02". Zikaja flashi na memori kadi: unatoa shilingi mia tano, unajaziwa nyimbo mia mbili ndani ya dakika kumi. Mia mbili, jamani! Na wewe mwenyewe huwezi kuzitaja ishirini.

Huku kwetu mambo yakiwa hivyo, nje mambo yalikuwa yakienda njia nyingine. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ilifungua Marekani duka la kuuza nyimbo kwa kupakua, wimbo mmoja senti 99. Mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza kutoa mfululizo uitwao Zanzibara. Toleo la kwanza lilikuwa la Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, na toleo la tatu likakusanya muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 60. CD hizo zilikuja na vijitabu vyenye historia na majina. Julai 2009 mkongo wa Seacom ukafika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa na mwendo. Kufikia mwaka 2014 tulikuwa na duka letu la Kitanzania, Mkito, lililouza nyimbo za Bongo Fleva kwa wenye simu. Na kwa kuwa fedha za simu tulikuwa nazo tangu mwaka 2008, yule mtu wa Buguruni asiye na akaunti benki akawa naye anaweza kununua.

Sasa tazama ajabu. Ukinunua CD ya zilipendwa, unapata na kijitabu. Ukiununua wimbo huohuo mmoja mmoja kwa kupakua, kijitabu mara nyingi hakiji. Unabaki na visanduku vitatu: jina la wimbo, jina la msanii, jina la albamu. Visanduku hivyo vilitengenezwa kwa nyimbo za siku hizi, ambapo mtu mmoja anaimba na jina lake ndilo linalouza. Muziki wetu wa kale haukai humo.

Nikupe mfano. Nuta Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Bendi ni ileile, majina manne. Muhidin Gurumo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba Nuta, akaimba Mlimani Park, akaimba Ndekule, akarudi Msondo. Je, duka litamweka Gurumo kwenye kisanduku gani? Na mtunzi je? Na mpiga solo ambaye bila yeye wimbo usingekuwa wimbo? Halafu kuna hili neno "Jazz". Nilipoandika Western Jazz na Kilwa Jazz kwenye kutafuta, nililetewa Wamarekani wa New York. Wazee wetu walipoita bendi zao Jazz hawakujua kwamba siku moja mashine itaamini kila neno.

Nilidhani tatizo hili ni letu peke yetu, la watu wa pembeni. Kumbe wapenzi wa Mozart na Beethoven walilia kilio hichohicho. Muziki wao wa klasiki una mtunzi aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, una kiongozi wa okestra, una okestra yenyewe, una mpiga kinanda. Wakitafuta kipande kimoja walimwagiwa mamia, na hawakujua yupi kampiga nani. Walilalamika miaka mingi. Mwaka 2023 Apple ikawatengenezea programu yao ya pekee, ambamo unaweza kutafuta kwa mtunzi, kwa kiongozi na kwa okestra.

Ndugu msikilizaji, zilipendwa na taarab asilia ndiyo klasiki yetu. Ila Mozart ana vyuo vikuu na madaftari ya karne mbili. Programu ile ilifaa kwa sababu majina yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Kazi ilikuwa kuyapanga. Sisi tukitengenezewa programu kama hiyo kesho asubuhi, tutaijaza nini?

Na jambo hili si la heshima peke yake, ni la riziki. Kila rekodi inayouzwa dukani hupewa namba yake ya herufi na tarakimu 12, na malipo hufuata namba hiyo na majina yaliyofungwa nayo. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomtambua mtunzi na inayomtambua pia mtumbuizaji. Lakini sheria haiwezi kumtetea mtu anayeitwa "wasanii mbalimbali".

Niliiandikia kampuni iliyoupeleka wimbo ule dukani. Walinijibu kwa adabu. Waliuliza: mkataba uko wapi? Hapakuwa na mkataba. Walioandika tarehe ya kurekodi ni akina nani? Bendi ilikufa. Je, yupo anayeweza kuleta orodha ya wapigaji, yenye saini? Hapo nilinyamaza, maana niliona wana haki. Nilikuwa namdai mtu wa mbali kitu ambacho sisi wenyewe hatukukiweka.

Basi nikaenda Ilala. Nilimvalisha baba mdogo vile vya masikioni, nikabonyeza. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema neno, vidole vya mkono wa kulia vikicheza juu ya goti. Nikamwonyesha palipoandikwa jina la bendi nyingine. Alicheka, akasema hao walikuwa hawana hata tarumbeta. Nikamwambia mambo ya fedha. Akasema fedha hakuzitegemea enzi zile, sembuse sasa.

Kisha akaniuliza kama nina kalamu.

Nilikuwa na daftari la kazini. Nikataka kuanza na jina lake. Akanizuia. "Anza na wa tarumbeta ya pili," akasema. "Mimi bado nipo, ukinisahau nitakukumbusha." Akanitajia jina kamili la mwenzake, na la baba yake, na mtaa aliokuwa akiishi. Halafu mpiga besi. Halafu mtunzi, ambaye watu wote wanadhani ni mwimbaji, kumbe alikuwa mpiga tumba. Tulikwenda mpaka magharibi. Nyimbo kumi na moja, watu kumi na wanne, waliobaki hai watatu. Jina moja alilishindwa. Alilitafuta sana, akalikosa, akaniambia niache nafasi.

Wiki iliyofuata alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakunisalimu. Alilitaja lile jina.

Basi ndugu msikilizaji, sikuombi fedha wala sikupeleki ofisini. Najua katika nyumba za Kariakoo, Ilala na Magomeni wapo wazee waliopiga gitaa, tumba, saksafoni na fidla, na wapo akina mama waliokuwa wakiimba kwenye vikundi vya taarab. Jumapili hii mfuate mmoja na daftari la shilingi elfu moja. Mpigie wimbo wake kwenye simu yako, kisha muulize nani alipiga nini, wapi na mwaka gani. Andika, weka tarehe, mwombe atie saini. Daftari moja ubaki nalo, nakala mpelekee.

Na mimi orodha yangu ya nyimbo kumi na moja nimeituma, ikiwa na saini. Nasubiri jibu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.